Injini Asilia au Injini Nyingine? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Land Rover ya Zamani

"Toa hiyo, bosi, weka TD27. Utanishukuru."

Nimeambiwa maneno hayo, yaani nifunge dizeli ya Nissan, kwenye gereji tatu kuhusu gari moja: Land Rover 109 (ile ndefu) Series III, injini ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani. Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi, linazima kwenye makutano, na mlima mdogo tu linaomba gia ya kwanza. Mafundi wote watatu walikuwa na uzoefu mrefu na walinitakia mema. Lakini hakuna aliyechukua geji akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kabla ya kutoa hukumu.

Nimeandika mwongozo huu kwa aliye na gari limesimama uani na ushauri wa kila rangi masikioni. Nimechagua Land Rover za Series kwa sababu ndizo ninazozijua kwa mikono yangu, na kwa sababu kwetu bado ziko kazini: mashambani, misheni, hifadhini. Walioiona Arusha ya Oktoba 2024, wakati wa tamasha la Land Rover, wanajua ni nyingi kiasi gani na jinsi chini ya maboneti yale kulivyo na injini za kila kabila. Mwenye Peugeot 504 au Datsun ya zamani atabadilisha majina ya vipuri tu, hatua zitakuwa zile zile.

Msimamo wangu ni huu: siku gari lilipokuumiza si siku ya kuamua. Pima kwanza. Na vipimo vikikupeleka kwenye kubadilisha, badilisha kwa namna ambayo injini ya mwanzo itaweza kurudi mahali pake.

Hatua ya 1: Sema ukweli kuhusu kazi ya gari

Chukua daftari, andika kilomita unazotembea kwa mwezi. Unazotembea kweli, siyo zile unazotamani kutembea.

Injini ya petroli ya 2.25 ikiwa nzima hutembea kilomita 5 hadi 6 kwa lita kwenye 109. Tuseme 6. Dizeli nzuri ya kisasa kidogo ndani ya gari hilo hilo, tuseme 10. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, petroli itakula lita 167 na dizeli lita 100. Unaokoa lita 67 kila mwezi, na hiyo ni pesa ya kukaa chini na kuizungumzia. Lakini ukitembea kilomita 200, yaani kanisani, sokoni, na mara moja shambani, unaokoa lita 13 tu. Zidisha kwa bei ya mafuta ya kwenu, kisha linganisha na gharama ya injini, kazi ya kuifunga, na yote nitakayoyataja kwenye hatua ya 6. Gari la wikendi halirudishi gharama ya injini mpya kwa njia ya mafuta. Mwenye gari la namna hiyo akibadilisha, awe na sababu nyingine.

Sababu nyingine zipo na ni halali. Mjomba wangu yuko Karatu, 109 yake hubeba mahindi, maji na watu siku sita kwa wiki. Kwake gari likilala gereji siku mbili, familia inaona. Mtu kama huyo hana haja ya kuomba radhi kwa kufunga dizeli ya Kijapani. Yeye aliifunga, na nadhani alifanya sawa.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho

Kabla ya kugombania uasilia, hakikisha injini iliyomo ni ya asili. Gari la miaka ya 1970 limepita mikono mingi. Kwenye injini ya 2.25 namba imegongwa upande wa kushoto wa bloku, mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Futa grisi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, isome, linganisha na kadi ya gari. Namba ya chasisi nayo itafute kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia karibu na kishikio cha springi. Kibati cha ndani kisikutoshe, kwa kuwa kibati huhama kutoka gari moja hadi jingine.

Namba zikilingana, una kitu ambacho hakinunuliki dukani. Zisipolingana lakini injini ni ya 2.25 ya familia ile ile, bado una gari lenye heshima yake, ila uzito wa hoja ya "usiguse asili" unapungua. Na kama mwenye gari wa zamani alishafunga injini ya kigeni na kukata chasisi, swali lako linageuka: je, inafaa kuirudisha?

Kisha lala chini ya gari ukiwa na bisibisi na nyundo ndogo. Gonga chasisi pande zote, hasa nyuma na pale springi zinaposhikilia. Bodi ya Land Rover ni alumini, lakini chasisi ni chuma, na waliokaa Tanga au Mombasa wanajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Bisibisi ikizama, weka habari ya injini pembeni, maana pesa yote inatakiwa pale kwanza.

Hatua ya 3: Pima

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi nzima hupoteza maisha.

Anza na vitu vinavyoigiza kifo cha injini. Kwenye Series III mkosaji wa kwanza ni kabureta ya Zenith. Mfuniko wake hupinda kwa joto na miaka, na kile kipira cha duara kilicho ndani kikichoka, petroli hupita pasipotakiwa. Utaona moshi mweusi, gari linazima likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), plagi zimejaa masizi. Yote hayo mtu anayasoma kama ringi zimekwisha. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua mfuniko taratibu mpaka ukae sawa, badilisha kipira. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kagua pointi: mwanya uwe karibu milimita 0.38. Kagua kofia ya distributa kama ina ufa, na waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Kagua valvu, mwanya wa milimita 0.25 kwa zote nane. Angalia kama termostati ipo. Kwetu tuna desturi ya kuing'oa gari likichemsha mara moja, na tangu siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na uchakavu unakimbia. Kama gari lilikuwa linachemsha, rejeta ndiyo ya kusafisha.

Sasa kompresheni. Pasha injini moto mpaka joto la kawaida. Toa plagi zote nne, zima umeme wa koili, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wakati starta inazungusha. Zungusha kila silinda mizunguko ile ile, andika namba. Kitabu cha gereji kinataka karibu psi 145 kwa injini ya mgandamizo wa 7:1 na karibu 160 kwa ile ya 8:1.

Ila vipimo hivyo ni vya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 juu, na Nairobi ni juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, geji nayo itasoma chini, kwa Arusha karibu asilimia 15. Injini nzima ya 160 inaweza kukusomea 136 na isiwe na kosa lolote. Kwa hiyo usishikilie namba ya kitabu, linganisha silinda kwa silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, ndipo uanze kutafuta.

Yangu ilisoma 130, 125, 128 na 85. Ya nne ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Hapo unafanya kipimo cha pili: mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba njia ya ringi, basi tatizo ni ringi au kuta za silinda. Isipopanda, upepo unatokea juu, kwenye valvu. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi. Yangu haikupanda hata kidogo. Ilikuwa valvu ya ekzosi iliyoungua.

Kwa nini valvu ya ekzosi? Injini hizi zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ile ilikuwa inakinga kiti cha valvu. Baada ya Azimio la Dakar la 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa risasi kwenye petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 haikuwepo tena pampuni. Ni jambo jema sana kwa watoto wetu. Lakini viti vya valvu vya injini za zamani hubaki bila kinga, na gari likifanya kazi nzito, valvu ya ekzosi huzama polepole ndani ya hedi. Dalili yake ni rahisi kuikamata: umeweka mwanya wa 0.25, baada ya kilomita elfu chache umepungua, unaweka tena, unapungua tena. Ukiona hivyo, hedi inahitaji viti vigumu vya kupachika. Bloku ya chini inaweza kuwa haina neno.

Kipimo cha tatu ni presha ya oili. Taa ya oili kwenye dashibodi isikudanganye, huzimika presha ikiwa bado ndogo mno. Funga geji ya kweli mahali pa swichi ya taa, hata kwa siku moja tu, na upime injini ikiwa moto. Kwa mizunguko 2,000 inatakiwa kuwa psi 35 hadi 65. Ikiwa 20 na unasikia mlio mzito wa kugonga chini ukikanyaga, krenki na beringi zake zimechoka, na hiyo ni injini ya kufungua yote.

Mwisho angalia moshi. Wa bluu ni oili: ukitokea unapoachia mafuta mteremkoni, anza na gaidi (mirija inayoongoza valvu) na sili za valvu. Ukitokea unapokanyaga, ni ringi. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu ya kulanti, ni maji yanaingia silinda. Mweusi ni mafuta kuzidi, turudi kwenye Zenith.

Mwenye 2.25 ya dizeli afuate mantiki hiyo hiyo, ila geji iwe ya dizeli. Mgandamizo wake ni 23:1 na geji ya petroli itapasuka mkononi. Na awe tayari kwa ukweli mmoja: hata ikiwa mpya, ina nguvu farasi 60 na kitu. Upole wake mlimani si ugonjwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kuifufua

Sasa una karatasi yenye namba, na mazungumzo na fundi yanabadilika. Badala ya kumuuliza "nifanye nini na gari hili," unamwambia "silinda ya nne haipandi kwa oili, presha ni 45, nataka hedi ishuke."

Ikiwa shida ni hedi peke yake, kama yangu, gharama ni viti vigumu, valvu, gaidi, kuchonga uso wa hedi uwe sawa, na gasketi mpya. Ikiwa ni chini, uliza karakana ya kuchonga injini silinda zimefika saizi gani. Silinda za 2.25 zilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 90.47, na pistoni za ovasaizi hupatikana kwa hatua mpaka 40, yaani elfu 40 za inchi. Kama ziko standadi au 20, una maisha mengi mbele. Kama zimefika 40 na zimechakaa, bado zinaweza kuwekwa slivu (kuta mpya za ndani) na kurudishwa standadi. Bloku ya chuma cha kalibu kama hii ni ngumu kuimaliza kabisa. Kinachoiua kweli ni ufa, au konrodi iliyotoboa ubavu. Nje ya hayo mawili, mtu akikwambia "injini imekufa," mwombe akuonyeshe ilipofia.

Vipuri vya 2.25 bado vinatengenezwa. Vingine ni hafifu. Ringi na beringi nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, na pima mwanya wa ringi ndani ya silinda kabla ya kufunga, kila moja.

Hatua ya 5: Ukiamua kubadilisha, anza kwa ndugu wa damu

Familia ya 2.25 iliendelea kukua kiwandani, na ndugu zake kwa kawaida hukaa kwenye nafasi ile ile bila kukata chochote. Kuna 2.25 ya baada ya 1980 yenye beringi kuu tano za krenki badala ya tatu, na imetulia zaidi. Kuna lita 2.5 ya petroli. Kuna dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo. Na kuna 200Tdi, iliyoanza na Land Rover Discovery mwaka 1989, ambayo kwa maoni yangu ndiyo jibu zuri kuliko yote kwa mtu wa nyanda za juu. Turbo hurudisha hewa ambayo mwinuko umeinyima injini. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda.

200Tdi hushika kwenye giaboksi ya Series ukitumia nyumba ya flaiwili ya injini yako ya zamani. Tafuta ya Defender ukiweza, turbo yake imekaa juu. Ya Discovery imekaa chini na hugombana na chasisi. 300Tdi ni injini nzuri pia, lakini vishikio vyake vimehama, kazi inaongezeka. Tdi zote mbili na ile dizeli ya 2.5 zina mkanda wa taimingi, tofauti na cheni ya 2.25. Badilisha mkanda injini ikiwa bado sakafuni, hata muuzaji akiapa ni mpya.

Halafu kuna Wajapani: Nissan TD27, Toyota 2L na 3L, Isuzu 4JB1, na kwa wenye ujasiri 1HZ ya silinda sita. Faida yao ni kubwa na siipuuzi: spea ziko kila mji na kila fundi anazijua. Ukienda Ilala, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utarudi na unachotaka siku hiyo hiyo. Hasara ni kwamba kila moja inahitaji sahani ya kuunganishia giaboksi na vishikio vipya, na ubora wa kazi unategemea mikono ya aliyechonga sahani. Ikiwa haikukaa katikati sawasawa, itakula beringi ya shafti ya giaboksi na utabadilisha klachi bila kujua sababu.

Umeme nao umefika. Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kugeuza magari ya safari yawe ya umeme. Kwa gari linalozunguka hifadhini mchana na kulala kambini penye sola, naelewa. Kwa 109 ya mtu binafsi, gharama bado iko mbali nasi.

Hatua ya 6: Fuata mnyororo mpaka mwisho

Injini ni pete moja ya mnyororo. Ukiiongezea nguvu, pete inayofuata ndiyo itakatika.

Kiwanda chenyewe kilijua hilo. Mwaka 1979 walipoweka V8 ya lita 3.5 kwenye 109, ile inayoitwa Stage One, hawakuifungia giaboksi ya Series. Waliipa ya Range Rover, na bado waliipunguza injini nguvu mpaka farasi 91. Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipotia Isuzu ya lita 3.9 kwenye 109, walitumia giaboksi ile ile ya Range Rover. Wahandisi wenye kiwanda nyuma yao hawakuiamini giaboksi ya Series mbele ya nguvu hizo. 2.25 ya petroli hutoa torki ya Nm 160 na kidogo, 200Tdi hutoa zaidi ya 250. Giaboksi itaishi ikiwa dereva hakanyagi kwa hasira na havuti trela. 1HZ nyuma ya giaboksi hiyo siishauri hata kwa adui.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu. Busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa, na injini ya petroli huutoa bure kwenye manifoldi. Dizeli haina mvuto huo. Lazima kuwe na pampu ya vakyumu, na dizeli nyingi za Kijapani huibeba nyuma ya oltaneta. Nimeona Land Rover iliyofungwa dizeli, oltaneta ikabadilishwa kwa ya bei rahisi isiyo na pampu, na mwenyewe akawa anashangaa pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Gari hilo lilikuwa linashuka mlima Kitonga likiwa na abiria. Dramu za magurudumu yote manne ya Series zinahitaji msaada wote zinaoweza kupata. Kabla ya injini mpya kuwashwa, breki ziwe zimefunguliwa, zimesafishwa na kurekebishwa.

Difu za asili ni 4.7 kwa 1, za injini inayozunguka kwa raha. Dizeli yenye gavana itafika mwisho wa pumzi kwenye kasi ndogo ya barabarani. Watu hufunga difu za 3.54 za Range Rover au Discovery, na ni jibu zuri, ila ekseli ya nyuma ya 109 Series III ni Salisbury na haipokei difu ile ya mbele. Ukibadilisha mbele bila nyuma, siku utakapoweka fowili njia kavu utavunja kitu. Zote mbili zilingane au zote zibaki.

Mengine ni mafupi lakini usiyaruke. Sampu (bakuli la oili) ya injini mpya isigonge difu ya mbele springi zikibonyea, kwa hiyo pakia gari mbele na upime nafasi. Dizeli inahitaji bomba la kurudisha mafuta tankini, na tanki la petroli lisafishwe kabisa kwanza. Injini nzito inataka springi za mbele zenye uwezo. Series zilizotoka kabla ya 1967 zina betri iliyounganishwa chanya kwenye bodi, na oltaneta ya kisasa itaungua siku ya kwanza usipogeuza.

Na vishikio vya injini vifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo au kwenye mabano yanayotoka. Kikataji cha moto kisiguse chasisi. Fundi akisema haiwezekani, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Kununua injini ya mtumba

Isikie ikiwaka ikiwa baridi, siyo imepashwa kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inazunguka: pumzi kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma kama birika ni ringi. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko ni maji. Pima kompresheni hapo hapo. Soma namba ya injini, na ikiwa imepigwa jiwe la kusagia, ondoka hata bei iwe nzuri vipi, kwa sababu injini hiyo ina mwenyewe mahali. Dai pampu, oltaneta, starta, flaiwili na waya zake kwenye bei ile ile. Vitu hivyo vikinunuliwa kimoja kimoja huzidi injini.

Hatua ya 8: Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha, taarifa iende TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, ukiwa na risiti ya ununuzi, na gari likaguliwe. Mwarifu na mtu wa bima. Ajali ikitokea na namba hazilingani, unampa sababu ya kukataa madai.

Kuhusu thamani: anayenunua gari la kazi atalipa zaidi kwa dizeli. Anayenunua gari la kumbukumbu atalipa zaidi kwa namba zinazolingana. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi na likitunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Na mwaka 2019, wakati mjadala wa kugeuza magari ya zamani kuwa ya umeme ulipopamba moto, ushauri wao kwa atakayegeuza ulikuwa kwamba mabadiliko yaweze kurudishwa nyuma, na vipuri vyote vya asili viwekewe alama na kuhifadhiwa salama. Nilifurahi kusoma hivyo, kwa kuwa ndivyo wazee wa magari walivyotufundisha.

Hatua ya 9: Injini inayotoka, itunze

Usiiuze skrepa siku inayotoka. Bei ya kilo za chuma haitakufikisha mbali, na siku gari likitafutwa na anayejua, injini hiyo ikiwa imetunzwa juu ya paleti yake ya mbao itabadilisha mazungumzo yote.

Mwaga maji yote, pamoja na yale yaliyobaki kwenye bloku kupitia koki ya ubavuni. Mwaga oili chafu, weka safi. Mimina oili kidogo kila silinda, zungusha kwa mkono, rudisha plagi. Ziba matundu ya manifoldi, maji na mafuta kwa vitambaa vyenye oili na mkanda, panya wanapenda sana kujenga humo. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua. Weka pamoja nayo kabureta, chujio la hewa la oili, manifoldi, rejeta, vishikio na mabano, kila bolti kwenye mfuko wake wenye maandishi. Iinue kutoka sakafuni, ifunike kwa turubai linalopumua. Plastiki iliyobana hukusanya unyevu.

Mara moja kwa mwezi izungushe krenki nusu mzunguko kwa spana.

Yangu ilipata hedi yenye viti vigumu, valvu nne za ekzosi na mfuniko wa Zenith uliosuguliwa kwenye kioo. Silinda ya nne ilisoma 127. Ya mjomba, ile 2.25 iliyotoka kwenye gari la Karatu, iko stoo kwangu juu ya paleti ya mbao, namba yake inasomeka vizuri, na inalingana na kadi ya zamani aliyoitunza kwenye bahasha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naipa nusu mzunguko.